KUSUBIRI NAKO NI KAZI

Ndugu wanachama wa Unguja na Pemba,

Mwenye kutaka kuijua hali ya mfanyakazi katika visiwa vyetu asiende kusikiliza hotuba. Na aende alfajiri kwenye lango la bandari ya Malindi, au na aende Mkoani siku ya meli, ayatazame magari ya mizigo yaliyopangana. Chini ya gari hili atamkuta mtu amejinyoosha juu ya kipande cha boksi. Juu ya lile atamkuta utingo amejikunyata katikati ya magunia. Akiwauliza wanafanya nini, watamjibu kwamba wanasubiri. Na akiwauliza kusubiri huko wanalipwa na nani, watamtazama kama mtu aliyeuliza rangi ya upepo.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo, na tunalisema bila ya kupepesa macho: kusubiri nako ni kazi, na kazi isiyolipwa ni dhulma.

Madereva na mautingo waliofika kwenye barza za matawi yetu wametueleza utaratibu wao, nao si utaratibu mgumu kuufahamu. Gari likipeleka saruji, dereva hupata malipo ya tripu. Likirudi na mchanga kutoka Donge, hupata malipo ya tripu nyengine. Tripu ikikamilika kuna chochote; isipokamilika hakuna. Gari likiharibika njiani, ni bakhti yake. Karani akichelewa kutia muhuri, ni bakhti yake. Mvua ya masika ikizuia kupakia, ni bakhti yake. Na yule utingo anayeinama kutwa kupakia na kushusha, aghlabu hamjui tajiri wala tajiri hamjui yeye. Hulipwa na dereva, kutoka mfuko ule ule uliokwisha kuwa mwepesi.

Utaratibu huu husifiwa na wenye kufaidika nao kwamba ni utaratibu wa watu huru. Husema: "Anayejituma hupata zaidi, na mvivu hupata kidogo." Maneno matamu! Lakini tuulizane, ndugu zetu: dereva ana amri gani juu ya meli iliyochelewa kufunga gati? Ana amri gani juu ya foleni, juu ya karani, juu ya mvua? Hana hata moja. Basi anayelipwa kwa tripu halipwi kwa juhudi yake peke yake. Analipwa kwa juhudi yake baada ya kukatwa makosa ya watu wengine. Khasara ya kila mmoja katika biashara ile huteremka ngazi kwa ngazi, na mwisho wake humkuta mtu aliye chini kabisa, ambaye hana wa kumteremshia tena ila mkewe na watoto wake.

Na jambo hili kwetu sisi watu wa visiwani ni zito kuliko lilivyo kwengine, kwa sababu ya umbile la nchi yetu. Dereva wa Bara anayetoka Dar es Salaam kwenda mpaka wa Zambia anakwenda mamia ya kilomita. Kusubiri kwake ni kukubwa, lakini barabara nayo ni ndefu. Kisiwa cha Unguja urefu wake haufiki kilomita 90, na Pemba ni mfupi kuliko hivyo. Safari ya kutoka Mjini hadi Nungwi, au hadi Makunduchi, haimalizi asubuhi. Kwa hiyo siku ya dereva wetu hailiwi na barabara. Inaliwa na lango, na foleni, na ghala lililofungwa, na fundi wa nyumba ya wageni anayesema, "Ngojeni kwanza, mahali pa kushushia hapajawa tayari." Mtu anaweza kuondoka kwake saa kumi alfajiri na kurudi saa tatu ya usiku, na katika saa hizo zote akawa amelipwa kwa safari mbili tu. Anayelipa kwa tripu katika nchi ndogo kama hii amechagua kulipia ile sehemu ndogo ya siku, na ile sehemu kubwa kuichukua bure.

Sasa tuitazame bandari yenyewe, maana hapo ndipo dhulma hii inapovua nguo hadharani. Kila mfanya biashara wa bahari anaijua kanuni hii: aliyekodi meli akiichelewesha kupakia au kupakua kupita muda waliokubaliana, hutakiwa amlipe mwenye meli kwa kumchelewesha. Kontena nalo likikaa bandarini kupita siku za rukhsa, hutozwa malipo ya kuhifadhiwa. Hakuna anayeshangaa. Hakuna anayesema kwamba meli ni mvivu au kwamba kontena limezoea raha. Wote wanafahamu kwamba muda ni mali, na anayekula muda wa mwenzake hana budi kuulipa.

Basi chuma kikisubiri hulipiwa, na sanduku la bati likilala hulipiwa. Lakini mwanadamu mwenye roho, mwenye njaa, mwenye nyumba inayomngoja, akisubiri lango lile lile, siku ile ile, kwa mzigo ule ule, yeye hana thamani! Tunawauliza wenye mizigo na wenye magari: kwa hesabu gani, au kwa dini gani, chuma kimekuwa na haki ambayo mtu hana?

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Dereva wa visiwa hivi anachumia juani barabara, lakini anayelia kivulini ni mtu mwengine.

Iko pia khabari ya kale ambayo inafaa tuikumbuke, kwa kuwa imebaki katika lugha yetu na watu huitamka kila siku bila ya kuifikiri. Neno "kibarua" asili yake ni barua ndogo. Katika karne ya 19, hapa Unguja, watumwa wa mjini waliokodishwa kwa kazi za kutwa walipewa kikaratasi cha kuonesha kazi yao, na kikaratasi kile kikawapa jina. Sehemu kubwa ya ujira wao ilikwenda kwa mabwana zao. Hatusemi kwamba dereva wa leo ni mtumwa. Kusema hivyo ni kuwavunjia heshima waliobeba minyororo. Tunasema jambo moja tu. Hata yule aliyekuwa hana uhuru wa nafsi yake alikuwa na kikaratasi kilichoshuhudia kwamba siku ile alifanya kazi. Dereva wetu ana nini? Hana mkataba mkononi, hana daftari la saa, hana stakabadhi ya malipo. Akidai, huambiwa alete ushahidi. Na ushahidi wote uko kwa anayedaiwa.

Wako watakaotujibu kwamba Serikali imekwisha kuweka kima cha chini cha mshahara, kwa hiyo mjadala umekwisha. Ni kweli kwamba mwaka 2024 kima cha chini cha sekta binafsi hapa Zanzibar kilitangazwa kuwa shilingi 347,000 kwa mwezi. Hatulikatai jambo jema kwa sababu tu limetoka kwa tusiokubaliana nao. Lakini hebu tufanye hesabu, kwa maana hesabu haina chama.

Tuseme mtu anafanya kazi siku 26 kwa mwezi, saa 8 kila siku. Hizo ni saa 208, na ukigawa shilingi 347,000 kwa saa hizo unapata shilingi zipatazo 1,668 kwa saa. Sasa tuseme mtu mwengine, kwa mshahara huo huo, anatoka nyumbani na gari na kurudi baada ya saa 13, siku hizo hizo 26. Hizo ni saa 338, na saa yake moja imeshuka hadi shilingi zipatazo 1,027. Tofauti baina yao ni saa 130, yaani zaidi ya siku 16 za kazi ya saa 8, ambazo mtu huyu wa pili amezitoa sadaka kwa mtu tajiri kuliko yeye. Wala hapa tumemhesabu yule anayelipwa kima kamili. Anayelipwa kwa tripu, ambaye mwezi wa foleni humwacha chini ya kima hicho, hatujamtia.

Mshahara wa mwezi usiofungwa kwa idadi ya saa ni kama pishi isiyokuwa na kitako: kila ukitia, humwagika. Ndiyo maana tunasema kwamba kima cha chini bila ya saa zilizoandikwa si kima. Ni tangazo.

Wala haki tunayoidai si kitu cha ajabu tulichokizua sisi. Mkataba wa mwanzo kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na ukataja kwa jina lake uchukuzi wa mizigo kwa barabara. Mkataba wa mwaka 1930, unaohusu wafanyakazi wa maduka na maofisi, uliziita saa za kazi ule muda wote ambao mwajiriwa yuko chini ya amri ya mwajiri. Muda wote! Haukusema muda ambao magurudumu yanazunguka. Na mkataba wa mwaka 1979, uliotungwa khasa kwa ajili ya watu wa barabarani, ulisema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila ya mapumziko, wala zaidi ya saa 9 kwa siku, na apate mapumziko ya saa 10 zisizokatika katika kila saa 24.

Wenzetu wa Bara nao, katika sheria yao ya ajira ya mwaka 2004, wameandika saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Wakaandika kwamba saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kwamba siku ya kazi pamoja na ziada isipindukie saa 12. Kwamba sheria hiyo inavunjwa huko kila siku, tunajua. Lakini anayevunjiwa sheria iliyoandikwa na yenye hesabu ndani yake ana mahali pa kushika.

Na hapa tunataka kuwazibia njia wale ambao kila wakibanwa hukimbilia ng'ambo ya bahari. Mambo ya kazi na ajira si mambo ya Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya mwaka 2005, ina Waziri wake, ina Baraza lake la Wawakilishi. Kanuni za saa na malipo ya madereva wa magari ya mizigo zikitakiwa, zinaweza kutungwa hapa hapa, na watu wa hapa hapa, bila ya kuomba idhini ya mtu. Katika jambo hili hakuna wa kusingiziwa. Aliyekaa kwenye kiti ndiye mwenye kuulizwa.

Twende kwenye hoja za wanaotupinga, tusiziruke.

Hoja yao ya kwanza: "Dereva akilipwa kwa saa atalala njiani." Hoja hii ni matusi yaliyovikwa kanzu ya hesabu. Karani wa benki analipwa kwa mwezi, naye halali. Na kama tajiri anaogopa, hakuna anayemkataza kuongeza kitu juu ya mshahara kwa tripu zilizokamilika vizuri. Tunachokataa ni tripu kuwa ndiyo mshahara wenyewe.

Hoja ya pili: "Bei za saruji na mchele zitapanda." Tunajibu kwamba gharama ya kusubiri haitazaliwa siku dereva atakapolipwa. Gharama hiyo ipo leo, na inalipwa leo. Ila inalipwa katika nyumba ya dereva, kwa ada ya skuli isiyolipwa na dawa isiyonunuliwa. Siku itakapomfikia yule anayesababisha foleni, ndipo atakapopata hamu ya kuipunguza. Mpaka leo hana sababu. Foleni haimgharimu kitu.

Hoja ya tatu: "Hata Marekani, nchi ya matajiri, madereva hulipwa kwa maili." Ni kweli. Sheria ya Marekani ya saa na mishahara ya mwaka 1938 iliwaacha nje ya malipo ya ziada madereva wengi wa magari ya mizigo yanayofanya biashara baina ya majimbo, na mwanya huo haujazibwa mpaka sasa. Matunda yake ni kwamba madereva wa huko nao wana kilio kile kile cha kukalishwa kwenye maghala bila ya malipo. Basi utajiri wa nchi haukuiondoa dhulma. Ulaya kwa upande wake iliandika katika kanuni ya mwaka 2006 kwamba ni marufuku kampuni kumlipa dereva kwa masafa au kwa wingi wa mizigo, ikiwa malipo ya namna hiyo yanahatarisha usalama wa barabara.

Na usalama si jambo la madereva peke yao. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mkono wake na jicho lake huzorota kama wa mtu aliyelewa kwa kiasi ambacho nchi nyingi humshitaki nacho dereva. Aliyeamka saa kumi alfajiri hutimiza saa 17 hizo saa tatu ya usiku. Hajaonja tone, ameonja foleni tu. Na saa hiyo ndiyo anayoharakisha, kwa sababu tripu ya mwisho ndiyo yenye chakula cha kesho. Barabara anayopita ndiyo wanayorudi nayo watoto wetu kutoka madrasa, na wazee wetu kutoka msikitini baada ya sala ya Isha.

Tunajua kwamba miongoni mwa wanachama wetu wamo wenye gari moja, lililonunuliwa kwa kuuza shamba la mikarafuu au kwa deni ambalo bado linalipwa. Ndugu hao wasidhani tumewageuzia mgongo. Mwenye gari moja naye huliwa na lango lile lile. Yeye hulipwa na mwenye mzigo kwa tripu, na gari likisimama kutwa, deni lake halisimami. Ndiyo maana tunasema dai hili lianzie juu: mwenye mzigo na anayesimamia kupakia wailipe saa ya kusubiri, kama wanavyoilipa meli. Mwenye gari akiipata, hatakuwa na udhuru wa kumnyima dereva wake. Anayetaka kuwagonganisha dereva na mwenye gari moja anataka wagombane wao kwa wao, ili yeye apite katikati na mzigo wake.

Historia ya visiwa hivi imekwisha kutufundisha namna haki za watu wa bandarini zinavyopatikana na zinavyopotea. Mwezi wa Agosti 1948 wafanyakazi wa gati la Unguja waligoma kwa sababu ya ujira mdogo na maisha ghali, na mgomo ukaenea mjini mpaka shughuli zikasimama. Hawakuwa na magari ya kifakhari wala hawakuwa na ofisi. Walikuwa na neno moja. Lakini ilipofika mwanzo wa miaka ya 1960, wafanyakazi walikuwa wamegawika katika mashirikisho mawili, kila moja likifuata chama chake cha siasa. Na baada ya Mapinduzi ya 1964, vyama vya wafanyakazi vilivyojitegemea vikaondolewa kabisa. Mfanyakazi alipogawiwa baina ya wanasiasa, alikosa kote.

Kwa hiyo tunasema, na wanachama wetu walisikie vizuri: hatutaki chama cha madereva kiwe tawi letu. Sheria ya Mahusiano Kazini, Namba 1 ya mwaka 2005, inawapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama vyao. Madereva na mautingo wajiunge wote, wa chama chetu na wa chama kinachotawala, na wasiokuwa na chama. Kazi yetu sisi ni kulibeba dai lao hadi Barazani na kutolitua njiani.

Dai lenyewe ni hili. Kwanza, kila dereva na kila utingo awe na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, na utingo aandikwe kuwa mwajiriwa wa tajiri, si mzigo wa dereva. Pili, kila gari liwe na daftari la saa, linaloandikwa saa ya kutoka, saa ya kufika langoni, saa ya kupakia, saa ya kushusha na saa ya kurudi, na nakala moja ibaki kwa dereva. Tatu, saa zote hizo zihesabiwe kuwa ni za kazi, na zinazozidi zilipwe kwa ziada. Nne, malipo ya tripu yawe nyongeza juu ya mshahara, wala yasiwe badala yake. Tano, mwenye mzigo atozwe kwa kila saa ya kusubiri baada ya muda uliokubaliwa. Sita, pasiwe na dereva anayerudishwa barabarani kabla ya kupata mapumziko ya saa 10 kamili.

Kila tawi lilisome dai hili barzani, kisha liwaite madereva wa mtaa wake, liwasikilize na kuyaandika wanayoyasema. Mwenye daftari la skuli lisilotumika amkabidhi dereva aliye jirani yake, aanze leo kuandika saa zake kwa mkono wake, asingoje kanuni. Kikaratasi kile cha zamani kiliandikwa na bwana. Hiki na kiandikwe na mfanyakazi mwenyewe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.